Jani la Isale Kwenye Lango

Asubuhi ya zamu yao Nakundwa alivaa gauni la kanisani kwenda kazini. Hakuna aliyemwagiza. Alijitazama kwenye kioo, akacheka kidogo, kisha akajifunga kitenge juu yake ili matope ya njiani yasimchafue, akatoka.

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba. Njia ya kupanda kituoni ilipita kando ya ndiva, bwawa la zamani la kukingia maji ya mlima, na pale ukingoni alimkuta Kajiru, mwenyekiti wa wakulima wa tangawizi, amesimama na kopo la maziwa mkononi.

"Umeamkaje, Baba Senzota?"

"Nimeamka salama. Nimekuletea udongo."

"Udongo wako ninao tangu mwezi uliopita."

"Ule ni wa shamba la juu. Huu ni wa kule chini, penye mgomba ulioanguka. Kule ndiko ugonjwa ulikoanzia." Alimkabidhi kopo kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto aliyelala. "Usije ukasahau wa chini."

Nakundwa alikuwa na udongo wa chini wa kutosha. Watu walikuwa wameuleta kwenye makopo, vikombe vilivyovunjika vipini, na mmoja kwenye soksi. Lakini aliona jinsi Kajiru alivyokuwa amelifuta lile kopo mpaka likang'aa, akalipokea.

"Nitaliweka mbele ya yote," alisema.

Uozo wa tangawizi ulikuwa umeingia mlimani msimu wa mvua uliotangulia. Majani yalianza kuwa manjano kwenye ncha, na ukichimba ulikuta vidole vya tangawizi vimekuwa uji. Dawa za dukani zilikuwa hazifanyi kitu. Kijiji kizima kilikuwa kinangoja asubuhi hii, kwa sababu leo swali lao lingeulizwa kwenye Bwawa, na Bwawa halikuwa limewahi kuulizwa swali la shamba likakosa kujibu. Jibu lingekuja leo, mbegu zingetibiwa kesho, na zingekuwa ardhini kabla mvua hazijashuka. Zamu nyingine ya kijiji chao, Shengena, ilikuwa mwaka ujao.

Nyumba ya utando ilikuwa ndefu, yenye paa la kioo, na ndani yake palikuwa na baridi nzuri inayonukia uyoga. Mabeseni yalikuwa yamepangwa pande mbili kama vitanda vya hospitali. Ndani ya kila beseni uliishi utando wenyewe, kuvu nyeupe, nyembamba kama ngozi inayoota juu ya maziwa yaliyopoa.

Kuvu hiyo ikilelewa kwenye ukungu na baridi hujifunza. Kipande kimoja peke yake hujifunza kidogo tu, kama mtoto anayetambaa. Lakini vipande vya milima na visiwa tisa vikiunganishwa kwa nyuzi za mwanga, na malango yote yakafunguliwa kwa pamoja, utando mzima huamka na kufikiri kama kitu kimoja, na kile unachokiona asubuhi moja maabara za dunia zingekitafuta kizazi kizima. Kisha huchoka. Ukiamshwa tena kabla haujapumzika, unachacha na kufa kila mahali. Kwa hiyo nchi tisa zilikubaliana kuulea pamoja na kuuamsha kwa zamu, na kila swali na kila jibu liwekwe wazi, mtu yeyote popote alisome bila kuomba ruhusa. Mpango huo wote uliitwa Bwawa. Jina lilitoka hapa, kwenye ndiva ya Shengena, na watoto wa hapa walilijua hilo kabla hawajajua kuhesabu. Wageni walipofika wakauliza ofisi ya mkurugenzi iko wapi, walionyeshwa benchi la kamati ya maji, nao Washengena walifurahi kila mara kuona wageni wakilitazama lile benchi.

Nakundwa alikuwa mratibu wa zamu. Aliweka kopo la Kajiru mbele ya makopo mengine, akavua kitenge, akaliendea lango.

Lango lilikuwa sahani ya kioo ukutani. Mahali ambapo jina la Shengena lilipaswa kuwaka, palikuwa na jani la isale, mmea wa mipakani.

Alilipangusa kwa kiganja, kana kwamba lilikuwa vumbi. Jani lilibaki pale, la kijani, refu, na mshipa wake wa katikati ukionekana vizuri. Mchoro huo ulitokana na jani lililokatwa kwenye uzio wa shangazi yake, miaka mingi iliyopita. Tangu Bwawa lianze hakuna aliyewahi kuliona likiwaka. Chini yake palikuwa na maneno machache: Kituo cha Skarvo kinaomba zamu.

*

"Umeliona," alisema Ximena kwenye simu.

Ximena alikuwa wa kituo cha Andes, na mwaka huo ndiye aliyekuwa msimamizi wa vituo vyote. Mtambo wa kutafsiri ulimfanya aongee Kiswahili cha msomaji wa taarifa ya habari, lakini sauti ya chini yake, sauti yake mwenyewe, ilikuwa imechoka.

"Nimeliona. Ni hitilafu?"

"Si hitilafu. Nimewapigia. Wameliweka wao wenyewe."

"Wamesema wana nini?"

"Hawajasema. Hawatakiwi kusema, Mama Nakundwa. Ni kifungu chenu."

Ilikuwa kweli. Siku mkataba wa Bwawa ulipokuwa unaandikwa, wajumbe wa nchi nyingine walikuja na vifungu vya umeme, vya ulinzi, vya nani atumie saa ngapi. Mjumbe wa Shengena, Bi Namcheja, ambaye ni shangazi yake Nakundwa, alikuja na jani amelifunga kwenye leso. Aliwaeleza jinsi watu wa kwao wanavyogawana maji ya ndiva. Mwenye shida huchomeka jani la isale kwenye lango la maji alfajiri. Mwenye zamu akilikuta, anageuka na jembe lake na kurudi nyumbani, au analichomoa na kuendelea kumwagilia. Vyovyote atakavyofanya, hakuna wa kumuuliza. Na aliyeweka jani naye haulizwi shida yake ni nini, leo wala kesho, wala hadaiwi kurudisha. Wajumbe walikipitisha kifungu hicho bila ubishi. Pengine walidhani ni pambo zuri la kumalizia mkataba.

Waliongeza jambo moja tu. Kwa kuwa swali la jani ndilo swali pekee linalofunikwa kwenye Bwawa, wasomaji watatu wa kiapo, kutoka vituo visivyohusika, hulisoma kwanza kuhakikisha halina madhara kwa watu, kisha wananyamaza.

"Wamelisoma?" Nakundwa aliuliza.

"Wamelisoma. Mmoja wao ni wa hapa kwetu. Nikamuuliza, ni salama? Akasema halimdhuru mtu. Amekaa pale nje tangu jioni. Nimempelekea chai, hajaigusa."

Nakundwa alitazama makopo. Alitazama soksi.

"Skarvo," alisema. "Wale wenye sakafu inayopashwa moto."

"Ndio hao."

"Wana watu wangapi wenye shahada kule? Wana mitambo ambayo sisi hata picha zake hatujaziona. Wanataka nini kwetu?"

"Sijui. Ukikataa, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kusema umefanya sawa. Una mpaka saa sita mchana, kwa saa za huko kwenu. Na, Mama Nakundwa, nitaiacha simu wazi. Sina usingizi. Huna haja ya kuzungumza nami. Iache tu hapo."

Nakundwa aliiacha wazi. Alipokuwa akijifunga tena kitenge chake alisikia, kutoka upande wa pili wa dunia, mtu akivuta kiti na kukaa.

*

Kisheria uamuzi ulikuwa wake. Lakini udongo haukuwa wake, na hakuona namna ya kuwapita watu wale njiani akiwa na siri kubwa namna ile. Akaomba pembe ipigwe.

Pembe ikipigwa Shengena watu huja na majembe, kwa kuwa kwa kawaida ni msaragambo, kazi ya wote. Walipofika kwenye ndiva na kukuta hakuna kazi, walisimama na majembe yao begani, wengine wakiwa na nyuso za furaha, wakidhani jibu la tangawizi limekuja mapema. Nakundwa aliwaambia yote kwa mara moja, bila kuzunguka.

Kisha Kajiru akauliza, "Skarvo ndiyo ipi?"

"Kisiwa. Bahari ya kaskazini."

"Wanalima tangawizi?"

"Hawalimi kitu, Baba Senzota. Kuna mawe na barafu."

"Basi wangoje. Sisi mvua haitungojei."

Watu waliguna kukubali. Bi Namcheja alikuwa amekaa juu ya jiwe, mkongojo umelala magotini. Shamba lake la tangawizi lilikuwa la kwanza kuoza. Nakundwa alimtazama kwa matumaini, kwa kuwa yeye ndiye aliyelipeleka jani mkutanoni.

"Muulize," alisema Bi Namcheja.

"Shangazi?"

"Muulize shida yake ni nini. Muulize kwa upole. Kama ni kubwa kuliko yetu, tumpe. Kama ni ndogo, angoje."

"Kifungu kinasema haulizwi. Ulikiandika wewe."

"Nilikiandika mwaka wenye tangawizi," alisema bibi yule, na wachache wakacheka, naye hakucheka. "Ningejua, ningeongeza maneno mawili matatu. Nakundwa mwanangu, mimi ni mtu mzima, sioni aibu kubadili mawazo. Matajiri wale hawakuwahi kututupia hata salamu. Leo wameona jani linafaa."

"Kuuliza si kukataa," alisema mtu wa nyuma.

"Haswa," alisema Bi Namcheja. "Kuuliza si kukataa."

Nakundwa mwenyewe alitaka kuuliza. Alilitaka jibu hilo kama mtu anavyotaka maji. Kwenye lango palikuwa na nafasi ya maneno ya mwenye zamu, na vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuigusa mara moja asubuhi ile, kabla hajatoka.

Hapo ndipo Naelijwa alipozungumza. Naelijwa aliishi peke yake katika nyumba ya mwisho, chini ya ndiva, na watu walizoea kumwona mikutanoni akisuka ukili bila kusema neno. Hata sasa hakuuweka ukili chini.

"Mimi niliwahi kuweka jani hapo," alisema, akionyesha lango la maji kwa kidevu.

Kila mtu alikuwa anajua. Hakuna aliyewahi kulitaja.

"Mwaka ule wa jua kali," alisema Naelijwa.

Kajiru alishusha jembe kutoka begani. "Zamu ilikuwa yangu."

"Ilikuwa yako."

"Maharage yangu yalikauka yote."

"Yalikauka. Nilikuwa nayaona kila siku nikienda kuchota maji."

"Sikukuuliza."

"Hukuniuliza. Wala mke wako hakuniuliza, wala mtoto wako, na watoto huuliza." Naelijwa alivuta uzi wa ukili, akaukaza kwa meno. "Ungeniuliza siku ile, Kajiru, hata kwa upole huo anaousema Bi Namcheja, ningelichomoa jani langu nikaenda zangu. Na leo msingekuwa mnaniona hapa."

Aliendelea kusuka. Hakusema zaidi, na uso wake ulionyesha wazi kwamba hatasema.

Kajiru alisimama akitazama mahali maji ya ndiva yanapotokea. Maharage yale yalikuwa ya karo ya mwanawe Senzota. Kila mtu alikumbuka jinsi kijana alivyokaa nyumbani muhula mzima. Hatimaye Kajiru alijikohoza.

"Nakundwa. Lile kopo nililokupa asubuhi."

"Ninalo."

"Liweke mahali pakavu. Litangoja."

Alilirudisha jembe begani akaanza kushuka. Mmoja mmoja, wengine nao wakageuka na majembe yao, kama watu waliokuta jani kwenye lango la maji. Hakuna aliyepiga kura na hakuna aliyetoa hotuba. Bi Namcheja peke yake ndiye aliyebaki juu ya jiwe.

"Bado nasema tungeuliza kidogo tu," alisema.

"Shangazi."

"Basi. Nimenyamaza. Nishike mkono niinuke."

*

Nakundwa alirudi kituoni. Simu ilikuwa bado wazi.

"Nimerudi," alisema.

"Nimesikia mlango," alijibu Ximena.

Alisogea kwenye lango. Kwenye nafasi ya maneno aliandika: Kwa. Akasimama hapo. Ilikuwa rahisi sana. Maneno mawili tu, na usiku angelala akijua amepoteza msimu wa watu wake kwa ajili ya nini. Alimfikiria Naelijwa akikaza uzi kwa meno.

Alifuta. Akaandika: Chukueni. Poleni.

Kisha akageuza ufunguo. Taa za vituo tisa ziliwaka moja baada ya nyingine, Andes, nyanda za juu za Ethiopia, visiwa vya kusini, mpaka ya mwisho, Skarvo. Ndani ya mabeseni utando ulisisimka. Rangi ya samawati hafifu ilipita juu yake kutoka beseni hadi beseni, kama upepo unavyopita juu ya nyasi, na nyumba nzima ikajaa mlio mdogo kama wa mtu anayeimba mdomo umefungwa. Kuvu waliyoilea wao, kwa ukungu wao, ilikuwa inafikiri kwa bidii yake yote jambo ambalo hawatalijua kamwe.

Alivuta kigoda akakaa katikati ya mabeseni na gauni lake la kanisani. Alijisikia kulia, na pia alijisikia mrefu kuliko alivyowahi kuwa.

"Umewaandikia nini?" Ximena aliuliza baadaye.

"Poleni."

Upande wa Ximena mtambo ulikuwa unahangaika na neno lile. "Tafsiri yangu inasema uchungu wenu ni wetu."

"Ni fupi zaidi kuliko hivyo," alisema Nakundwa. "Lakini ndiyo maana yake."

*

Mwaka ule haukuwa mwepesi, na itakuwa uongo kusema watu walitembea wakiimba. Mvua zilishuka. Waliopanda tangawizi waliing'oa imeoza, wakaichoma kando ya njia, na kijiji kizima kikanukia chai siku nzima, jambo ambalo liliwaumiza kuliko moshi wa kawaida. Walipanda maharage na kabichi. Senzota aliahirisha harusi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimwuzia Nakundwa maziwa aliacha kumwongeza kile kidogo cha juu, kisha baada ya miezi miwili akaanza tena kumwongeza, bila maelezo.

Vituo vingine havikuwapa zamu zao. Kila kimoja kilikuwa na swali lake, nao Shengena hawakuweka jani. Walisema tangawizi ni shida, ndiyo, lakini ni shida ya kusemwa mbele za watu, na jani si la shida za namna hiyo.

Jumapili ya mavuno Kajiru alipeleka kanisani kidole kimoja cha tangawizi kilichopona, kimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Mchungaji alikiweka juu ya meza peke yake, maboga yakasogezwa pembeni.

Zamu yao ilipofika, kopo la Kajiru lilikuwa la kwanza kufunguliwa. Utando uliamka, ukafikiri, ukajibu. Dawa ilikuwa vijidudu vya udongo wa msitu wa juu, vikichanganywa na majivu ya migomba kwa kipimo fulani, na mbegu zikalazwa humo usiku mmoja. Siku ileile jibu likawa wazi kwa wote. Mkulima wa nchi ya mbali, ambaye hajawahi kulisikia jina la Shengena na pengine hatalisikia, alilisoma saa ileile Kajiru alipokuwa akisomewa, naye akaenda kutafuta majivu. Kajiru alipoambiwa hivyo alisema, "Asiweke mengi mno," kana kwamba mtu yule alikuwa jirani.

*

Mgeni alifika siku ya msaragambo wa kuzibua ndiva. Ndiva ilikuwa imekaushwa, na watu walikuwa wamejipanga kutoka kwenye tope la chini hadi juu ya ukingo, wakipokezana makarai ya tope mkono kwa mkono. Mtu mrefu sana, mwenye nywele za mvi na viatu vya mpira vipya, alishuka njia akisimama kila kona kuuliza.

"Naitwa Torleif," alimwambia Nakundwa. "Kituo cha Skarvo. Shikamoo."

Hakuwa na mtambo wa kutafsiri. Kiswahili chake alikuwa amejifunza mwenyewe, neno moja moja, na alikitoa polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Marahaba," alisema Nakundwa, ingawa mgeni huenda alimzidi umri. "Karibu, Bwana Torleif."

Mstari wote ulisimama. Bi Namcheja, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe lake akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata, aliegemea mbele.

"Neno la kwanza la Kiswahili mimi nilijua," alisema Torleif, "ni poleni. Nililisoma kwenye lango. Nikauliza watu maana yake. Kisha nikajifunza mengine, kwa sababu..." Alivuta pumzi. Alikuwa amelikariri hilo linalofuata; ilionekana machoni. "Nimekuja kuwaambia kwa nini tuliweka jani. Mlipoteza mazao. Nimesoma. Ni haki yenu kujua."

Mwaka mzima Nakundwa alikuwa amelala na swali lile na kuamka nalo. Lilikuwa limesimama mbele yake sasa, limevaa viatu vya mpira, tayari kujijibu lenyewe bila kuulizwa. Nani angemlaumu kwa kusikiliza tu?

Aligeuka kuwatazama wenzake, na macho yake yakamwangukia Naelijwa. Alikuwa kwenye tope hadi magotini, karai limejaa mikononi mwake, amesimama kama mtu anayesikiliza hatua za mtu nje ya nyumba yake.

"Bwana Torleif," alisema Nakundwa. "Tusamehe. Usituambie."

Torleif alidhani hakusikia vizuri. "Sielewi."

"Ukituambia wewe, atakayekuja baada yako itabidi atuambie pia. Na waliokuja kabla yako watajiona wana deni." Alitafuta maneno mepesi, ya kumfikia. "Lile si letu. Ni lenu. Rudini nalo nyumbani."

Mgeni alisimama na hotuba yake yote kifuani. Midomo yake ilianza neno, ikaliacha. Kisha mabega yake yalishuka taratibu, kama mtu aliyebeba kitu kwa safari ndefu akaambiwa hapa hakihitajiki, anaweza kukitua.

"Basi nifanye nini?" aliuliza.

"Umekuja siku ya kazi," alisema Kajiru kutoka kwenye mstari. "Hapa mgeni anayekuja siku ya kazi anafanya kazi. Lakini viatu hivyo uviage kabisa. Havitarudi Ulaya."

Watu walicheka. Torleif naye, alipokwisha kuelewa, alicheka akawa anafuta macho. Alikunja suruali akashuka ndani ya ndiva, na hatua ya pili tope likakimeza kiatu cha kushoto kama Kajiru alivyosema.

"Ngoja," aliita Bi Namcheja. "Mimi ni mzee, na mkataba ule niliuandika mimi. Sikuulizi kwa nini. Nakuuliza moja tu. Ilifaa?"

"Shangazi," alisema Nakundwa.

"Si nimesema sikuulizi kwa nini?"

Torleif, mguu mmoja ukiwa na kiatu na mwingine mtupu, alimtazama Nakundwa kumwomba ruhusa. Nakundwa aliinama ghafla kuchota tope, na akachukua muda mrefu sana kulichota, mgongo wake ukiwa umewageukia wote wawili.

Alipoinuka, mgeni alikuwa amekwisha kuendelea na njia yake kuelekea kwenye mstari, na Bi Namcheja alikuwa ameegemea nyuma kwenye jiwe lake, mikono juu ya mkongojo, ameridhika kabisa.

"Haya, fanyeni kazi," bibi alisema. "Mnatazama nini?"

Naelijwa alisogea kumpisha mgeni. Alimwonyesha mahali pagumu pa kukanyaga, akasubiri asimame vizuri. Kisha akampa karai, akiligeuza kwanza ili upande mzito ubaki kwake mpaka mgeni alishike vizuri.

"Pole," alimwambia.

"Asante, mama," alisema Torleif, akalipokea, akalipeleka juu.